Gari Lililotembea Upande

Lilipoingia uani kuku wote walikimbilia chini ya tangi la maji, na mimi nikaacha kukamua shuka nikalitazama. Jekundu, fupi, limekaa chini mno, hata nikadhani tairi zimeisha upepo. Milango miwili tu, viti viwili tu. Aliyelileta alikuwa mwanangu wa mwisho, ambaye nyumba nzima tunamwita Kitindamimba mpaka leo ingawa upara umeshamfika utosini. Alishuka kwa kujikunjua, mguu kwanza, kisha kichwa, kisha tumbo, akalipiga paa kofi kama mtu anayempongeza ng'ombe.

"Mama, umeona chuma?"

"Nimekiona. Kingine kiko wapi?"

"Kingine kipi?"

"Nusu ya gari iliyobaki."

Mjukuu wangu alicheka, lakini hakunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye gari tu. Tunamwita Kipanga, kwa sababu tangu akiwa mdogo ukiweka nyama mezani ukigeuka haipo. Ni mtoto wa binti yangu mkubwa, amelelewa uani hapa hapa. Kabla hajajua kusoma alikuwa akichukua mifuniko ya sufuria zangu anaizungusha kama usukani, mdomo ukinguruma, mate yakimtoka. Siku hizo aliendesha pikapu za watu kupeleka simenti na mbao, lakini roho yake haikuwa kwenye simenti.

Ng'ambo ya mlima kuna uwanja wa magari ya mbio. Wenye uwanja walikuwa wanatafuta dereva mmoja wa timu yao, na kila aliyejiona anaweza aliambiwa aje na gari lake, gari la mbio, si pikapu, aendeshe wamwone. Siku yenyewe ilikuwa ndiyo hiyo. Geti la uwanja lingefungwa adhuhuri. Ndiyo maana mjomba wake alikuwa amehangaika mpaka akalipata lile jekundu, la mitumba, na kulifikisha kwetu asubuhi ile ile.

Na kufika uwanjani hakuna njia ila kuteremka mlima. Ile barabara mnaijua wote mlioipita. Inajikunja, inajikunjua, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine hakuna kitu, ni hewa tu. Malori yanashuka huko yakiomboleza kwa breki.

"Basi mimi niende," alisema Kipanga, kofia ya mbio tayari kwapani.

"Uende wapi?" Sauti ilitoka chini ya lori la mchanga. Ikafuata miguu, kisha ovaroli, kisha binti yangu mwenyewe, na shavu lenye grisi. Yeye ndiye fundi wa hapa. Gereji ni ya marehemu baba yake, na tangu mzee alipofariki ameishika yeye, watu wakamzoea wakamwita Mama Spana. "Hakuna kinachotoka kwenye geti hili kinaelekea mlimani mpaka nikipime."

"Mama, saa inakwenda."

"Iache iende. Ina miguu yake."

Akajipangusa mikono, akaketi kwenye gari, akatoka nalo barabarani, akarudi. Hakuzima injini haraka. Alikaa kwanza, mikono juu ya usukani, anautazama kama mtu aliyekuta uzi kwenye uji.

"Nani amekuuzia hili?" alimuuliza mdogo wake.

"Mtu mwema kabisa."

"Ukinyoosha usukani linakwenda kushoto. Likienda sawa, usukani umelala kulia. Tena tairi mpya zote nne, vinyweleo vyake bado havijang'oka. Hizo za zamani alizitoa kwa nini?"

"Ukarimu, dada. Wapo watu wakarimu duniani."

"Tairi kuukuu ndiyo inayonionyesha gari lilikuwa linakwenda vipi. Inalika ndani, inalika nje, naisoma. Hizi mpya haziniambii kitu. Umeniletea bubu."

Kitindamimba akakuna upara. Kipanga akatazama simu yake.

"Mama, njoo uketi," aliniita binti yangu.

Hiyo ndiyo kazi yangu gereji tangu enzi za marehemu: kuwa uzito. Gari halipimwi likiwa tupu, maana likikaliwa husimama kivingine. Kwenye malori nilikuwa napanda kwa ngazi, nakaa huko juu kama mheshimiwa, nafuma zangu kitambaa mpaka wamalize. Kwenye hili waliniteremsha, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule, kama ndoo inayoshushwa kisimani. Makalio yangu yalifika chini, magoti yakabaki juu.

"Bi harusi wangu ameingia garini!" alisema Kipanga.

"Nyamaza. Mume gani hata soksi zake nafua mimi."

Alicheka kidogo, cheko la juu juu.

Kutoka pale nilipokaa niliuona usukani vizuri. Ile alama yake ya katikati haikunitazama kifuani; ilitazama dirishani, kama mtu aliyenuna. Mama Spana akaleta ufito wa baba yake. Ni mabomba mawili membamba, moja limeingia ndani ya jingine, na msumari wa kuonyesha kipimo. Unaulaza kati ya tairi mbili za mbele, kwenye midomo yake ya mbele, unapima. Halafu unaupeleka kwenye visigino vya tairi zile zile, unapima tena. Vipimo vikilingana, basi tairi zinatazama mbele pamoja. Visipolingana, moja ina makengeza. Marehemu aliutengeneza mwenyewe, akaupaka rangi ya kijani, na hakumkopesha mtu ufito ule hata siku moja. Mimi aliwahi kunikopesha jino lake la dhahabu nilivae nichekeshe watoto, lakini ufito hapana.

Midomo ya tairi za mbele ilikuwa imeachana kidogo. Binti yangu akaingia chini, akalegeza nati, akazungusha vyuma vile vya pembeni vinavyogeuza magurudumu, akakaza. Akapima. Sawasawa. Akatoka nalo barabarani, akarudi.

"Vilevile," alisema.

Akarudia tena kuanzia mwanzo. Alipima upepo wa tairi, akasukuma magurudumu ya mbele kwa mikono kuona kama yanalegea, akaniketisha tena. Sawasawa tena. Akatoka, akarudi: vilevile. Aliupiga usukani ngumi. Kivuli cha tangi kilichokuwa kwenye mlango wa jiko kilikuwa kimeshajivuta mpaka karibu na miguu ya tangi lenyewe.

Simu ya Kipanga ikalia. Alisogea kando, lakini uani kwetu hakuna kando. "Ndiyo. Ndiyo, niko njiani... Hapana, nitafika." Akakata, akamtazama mama yake. "Wamesema wengine wote wameshafika."

Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali.

"Dada," alisema Kitindamimba, sasa kwa upole, "wewe mwenyewe umepima mbele kumenyooka, siyo mara moja. Basi kilichopinda ni usukani. Kuna mtu aliung'oa zamani, akaurudisha vibaya. Ung'oe, urudishe umenyooka, mtoto aende."

Binti yangu alisimama na ufito mkononi. Alitazama gari, akamtazama mwanawe, akautazama ufito. Namjua yule. Alikuwa anamuuliza baba yake.

"Ufito huu haujawahi kunidanganya," alisema mwishowe. "Haya. Lete soketi ile ndefu."

Waliung'oa usukani. Nilimwona Kipanga akiushika mikononi, hauna kitu, kama ule mfuniko wa sufuria wa zamani. Wakaurudisha, alama ikitazama kifua cha dereva barabara. Mama Spana akatoka nalo mara ya mwisho. Aliporudi alikuwa ameachia usukani, mikono hewani, atuonyeshe, na gari likanyooka mpaka uani.

"Si nilisema!" Kitindamimba akapiga makofi.

"Linakwenda," alisema dada yake. Lakini hakutabasamu. "Nilipokanyaga breki pale kwenye kona, kama kuna kitu kimenisukuma mgongoni."

"Shimo hilo. Kona ile ina shimo tangu sijaoa."

"Labda." Akafungua mlango, akashuka, akamshika mwanawe bega. "Ushuke taratibu. Mlimani si uwanjani. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

Wakati huo mimi nilikuwa nimerudi kwenye nguo zangu, na hasira zangu ndogo. Kutoka na kuingia kule kote kulikuwa kumetimua vumbi, na shuka nilizozianika zilikuwa zimepata rangi ya chai. Kwa hiyo nilifunga geti, maana kuku nao walishaanza kutoka, nikachukua ndoo, nikamwagia maji uani, kuanzia mlango wa gereji mpaka getini, kwa kiganja, taratibu, kila mahali, kama ninavyofanya kila nikianika. Udongo ukalala, ukawa mweusi na laini.

Kipanga akavaa kofia ya mbio, akaingia. Injini ile ilikuwa na sauti inayoingia tumboni. Alipita mbele yangu polepole, akiogopa kunirushia matope, akanyooka mpaka getini, akasimama, akapiga honi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuaga na ya pili ilimaanisha bibi fungua geti.

Nikaanza kutembea kwenda kumfungulia, ndoo tupu mkononi. Siendi mbio mimi. Natazama chini nikitembea, kwa sababu ya magoti, na kwa kuwa natazama chini niliziona alama za tairi kwenye ule udongo uliolowa.

Magari yamepita uani hapa tangu nikiwa na meno yangu yote. Malori, pikapu, matrekta. Nikimwaga maji na gari likapita moja kwa moja, linaniachia njia mbili, moja kushoto na moja kulia, kwa sababu tairi la nyuma linakanyaga pale pale lilipokanyaga la mbele. Hili liliniachia njia nne. Upande wa kushoto tairi la nyuma lilipita kando ya alama ya lile la mbele, upande wa ndani. Upande wa kulia lilipita nje yake. Na hakuwa amekata kona. Alinyooka kama mtu aliyepigiwa mstari. Nilisimama nikatazama nyuma mpaka kwenye mlango wa gereji, nikatazama mbele mpaka getini. Nne, mwanzo hadi mwisho. Gari lile lilikuwa limetembea upande, kama mbwa anavyokimbia, uso huku na makalio kule.

Sikujua maana yake. Nasema kweli, sikujua hata kidogo. Ninachojua ni shuka na sufuria. Huenda magari mafupi yote hutembea hivyo. Huenda nitamchelewesha mtoto kwa upuuzi wa kizee, geti la kule lifungwe, na kila akiniona maisha yangu yaliyobaki aone geti lile. Nilifika kwenye bati la geti, mkono ukashika komeo.

Nikaliachia. Nikaigeuza ndoo kichwa chini, nikaiweka katikati ya geti, nikaketi juu yake.

Honi. Nikatulia. Honi ndefu. Kipanga akatoa kichwa dirishani, kile kikofia kikagonga ukingo wa juu. "Bibi! Umechoka?"

"Sijachoka. Mwite mama yako."

"Bibi, jamani, naomba. Si leo."

"Mwite mama yako, mume wangu."

"Mke gani huyu ananifungia ndani!" Alijaribu kuifanya iwe utani lakini sauti ilikatika. Akakanyaga mafuta, injini ikanguruma, pua ile nyekundu iko karibu na magoti yangu, joto lake nalisikia kwenye miguu. Sikuinuka. Si ujasiri, magoti yangu yakishakaa hayainuki kwa haraka.

Kitindamimba alikuja mbio, tumbo likimtangulia. "Mama, unafanya nini? Unamharibia mtoto! Inuka, nakuomba, inuka, nitakubeba mimi!"

"Nibebe uone."

"Dada! Mwambie mama yako!"

Mama Spana alitoka gereji, uso umekunjamana. Nikamwonyesha kwa kidole. "Usinitazame mimi. Tazama chini."

Alitazama. Mwanzoni aliona matope tu. Kisha akachutama. Akaweka kiganja chake kati ya alama mbili za upande wa kulia, akapima upana, akavuka upande wa kushoto, akapima tena. Akarudi nyuma akizifuata, ameinama hivyo hivyo, mpaka mlangoni. Akanyanyuka.

"Zima injini," alisema.

"Mama..."

"Zima!"

Kipanga akazima.

"Nyuma," alisema binti yangu, kama anaongea peke yake. "Sijapima nyuma. Lori halipimwi nyuma. La nyuma limeshikwa kwenye ekseli moja nene, linafuata tu. Baba hakuwahi kupima nyuma. Hata ufito wenyewe hauingii huko." Akamgeukia mdogo wake. "Lete ule uzi wa waashi."

Walivuta uzi wa nailoni pembeni mwa gari kutoka mbele hadi nyuma, umefungwa kwenye vyuma vilivyosimama, kisha wakavuta mwingine upande wa pili. Kitindamimba alishika ncha. Mama Spana alipiga magoti kwenye matope na rula. Alipima kutoka kwenye uzi mpaka ukingo wa mbele wa ringi, kisha mpaka ukingo wa nyuma wa ringi ile ile. Nyuma kushoto: sawa. Akazunguka. Nyuma kulia alipima, akapangusa rula kwa ovaroli, akapima tena.

"Linatazama nje," alisema. "Hili moja linakwenda kwake peke yake. Gari lote linasukumwa upande, na mimi nikageuza ya mbele yalifuate, nikageuza na usukani ufanane. Nimeuvalisha ubovu nguo."

"Basi ligeuze na lenyewe," Kipanga alisema. Alikuwa ameshuka, kofia ameiweka juu ya paa. "Mama, si kuna bolti ya kugeuzia? Geuza kidogo tu. Bado nawahi. Nikiondoka sasa hivi nawahi!"

Mama yake aliingia gereji. Alileta jeki, akainua pembe ile mpaka gurudumu likaning'inia. Akalishika kwa mikono miwili, mbele na nyuma, akalisukuma, akalivuta.

Likacheza. Lilicheza kama jino la mtoto wa miaka sita, na likatoa mlio: tok, tok.

Akaliachia. Akaingia chini na spana. Huko nyuma kuna mkono wa chuma unaolishika gurudumu lisigeuke, na mkono ule umefungwa mwilini mwa gari kwa bolti nene. Nilitarajia kusikia ile sauti ya kukaza misuli, maana bolti kuukuu hugoma. Sikuisikia. Nilisikia kitu kidogo kikianguka kwenye matope. Kisha mkono wake ukatoka chini ya gari, umefumbwa, ukafumbuka.

Bolti ilikuwa vipande viwili.

Kipanga akachukua kipande kimoja. Akakigeuza juani. Pale kilipokatika, nusu ilikuwa na kutu nyeusi, na nusu ilikuwa inang'aa kama kijiko kipya.

"Hii yenye kutu ilipasuka zamani," mama yake alisema akiwa bado amelala chini, uso hauonekani. "Limegonga kitu kigumu, wakalipaka rangi wakaliuza. Hii inayong'aa ndiyo iliyokuwa imeshika. Imemalizikia leo. Labda mimi kwenye ile kona. Labda wewe hapa getini."

Kona ya kwanza ya mlima inafika kabla hujabadilisha gia. Sote tulikuwa tunaiwaza hiyo. Kitindamimba alikaa chini pale pale, suruali nzuri, matopeni.

"Mimi niliangalia rangi," alisema. "Wallahi, mimi niliangalia rangi na mlio wake."

Simu ya Kipanga ililia tena. Aliitazama ikilia. Alipopokea alisimama wima, kama wanaomwita wanamwona.

"Sitafika," alisema. "Gari limekatika bolti ya nyuma... Hapana, si njiani. Nyumbani." Akasikiliza. "Naelewa. Mpeni huyo mwingine nafasi. Asanteni."

Akaiweka simu mfukoni. Hakulia. Alitembea mpaka kwenye tangi, akafungua bomba, akaweka kichwa chini ya maji kwa muda mrefu, mpaka nikataka kumwambia maji yanaisha, nikajizuia. Kisha akaja kwangu akichuruzika, akachutama mbele ya ndoo yangu.

"Umenikosesha, bibi," alisema.

"Nimekukosesha, mume wangu."

Akalaza kichwa chake chenye maji juu ya magoti yangu, na gauni langu likalowa lote, nikaliacha lilowe.

Mama Spana alipotoka chini ya gari hakwenda kunawa. Alichukua soketi ndefu, akafungua mlango, akaanza kuulegeza usukani.

"Sasa hilo la nini, dada?" Kitindamimba aliuliza. "Gari lenyewe haliendi popote."

"Naurudisha ulivyokuwa."

"Umepinda?"

"Ukae umepinda. Atakayeketi hapa aone lina kasoro." Akavuta, usukani ukatoka. Hakujua auweke wapi ili ashike ile nati. "Kipanga! Njoo unishikie."

Mjukuu wangu aliinuka, akaenda akaupokea. Aliushika kwa mikono miwili, alama ikitazama dirishani, mama yake akasogeza mpaka pale penyewe, akakaza. Ule ufito wa kijani ulikuwa bado umelala matopeni karibu na tairi la mbele. Kipanga akauokota, akaupangusa kwa shati lake.

"Tutautengenezea mwenzake," alimwambia mama yake. "Wa nyuma."

"Kachukue mabomba," alisema yeye.

Nikawaambia mtu aje aniinue, maana kuku walikuwa wameshaanza kuparua zile alama, na mimi shuka zangu zilikuwa zinangoja kusuuzwa upya.